Picha Ilileta Pesa, Sasa Mtoto Anaitwa Mia Tano

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini, kazi yangu cherehani. Mwanangu wa pili ana selimundu, hii ambayo wengi wanaiita siko seli. Mwaka 2019 sisi wazazi tuliokuwa tunakutana kila Alhamisi kwenye benchi la kliniki tulianzisha kikundi. Tulikuwa sita. Leo tuna watoto 43, wengine wanatoka Muheza na Pangani, na kila mzazi anatoa 3,000 kwa mwezi. Hela hiyo inasaidia nauli na dawa kwa waliobanwa. Mimi ndiye mhazini.

Februari mtoto mmoja wa kikundi, wa miaka tisa, alilazwa wiki mbili. Maumivu yalimkamata mgongo na miguu, akaongezwa damu chupa mbili, bili ikamshinda mama yake. Ni mama lishe, na siku zote hizo hakuwasha jiko. Kijana mmoja anayejitolea kwetu akasema tuweke Facebook na kwenye stetasi za WhatsApp. Nikampiga mtoto picha kitandani, kifua wazi, dripu mkononi, analia. Mama yake nilimwuliza, akasema "piga tu". Nikaandika: "Hata mia tano inatosha kuokoa maisha yake," nikaweka namba yangu.

Shangazi, sijawahi kuona kitu kama kile. Simu iliita meseji za muamala usiku kucha. Ndani ya siku nne ziliingia 1,870,000. Tulilipa deni la wodi 640,000, dawa za miezi mitatu za watoto wanne 420,000, nauli za kliniki 198,000, vipimajoto na chupa za maji 150,000, makato ya kutoa 22,000. Zilizobaki, 440,000, bado zipo kwenye laini yangu. Risiti zote ninazo kwenye bahasha ya kaki, kabatini. Sijala hata shilingi.

Matatizo yakaanza wiki ya pili. Mtu tusiyemjua aliichukua ile picha, akakata sehemu ya chini yenye namba yangu, akaweka yake. Watu wakamtumia yeye. Halafu mtoto aliporudi shule wenzake wakaanza kumwita Mia Tano. "Mia Tano kaja." "Mia Tano, leo hufi?" Sasa ni wiki ya tatu hataki kwenda shule. Mama yake hanisemeshi vizuri. Tukikutana kliniki anakaa benchi la upande wa pili.

Na hela nazo zimekata. Aprili tulikuwa na mtoto mwingine, nikaweka picha, nikaandika maneno yale yale. Komenti 214, karibu zote "Amina" na "Mungu amponye". Zilizoingia ni 38,500. Mei hii nimeweka nyingine, zimeingia 11,000, na mtu mmoja akaandika mbele za watu: "Zile za mwanzo zilienda wapi?" Nikambloki.

Kamati imegawanyika. Mwenyekiti wetu, mzee wa watu, anasema ukurasa ufungwe kabisa, turudi kwenye 3,000 zetu na barua za kuomba kwa wafanyabiashara kama zamani. Vijana wanasema picha zetu hazina nguvu, twende TikTok, tuanzishe chalenji, "mficha uchi hazai". Mimi nimechoka. Usiku nikiona simu inawaka moyo unanipasuka, najua ni mtu ananiuliza hela. Tufunge au tuendelee?

Mhazini, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nilikuwa natafuta mahali utakaponiambia kwamba mliwarudia waliochanga, mkawaeleza hela yao ilifanya nini. Sikupaona. Mimi umenipa hesabu nzima, mpaka makato ya kutoa, na mimi sikuchanga hata senti. Wao waliochanga hawajapata mstari mmoja. Yule uliyembloki aliuliza swali ambalo jibu lake limelala kabatini kwako kwenye bahasha ya kaki. Mfungulie, umwombe radhi, umjibu palepale alipouliza.

Nitarudi kwenye bahasha. Kabla yake kuna mtoto.

Nenda kwa mama yake. Usipige simu, usitume sauti ya WhatsApp, nenda kwa miguu yako, na kamati ibaki nyumbani. Mwambie ulikosea. Najua utaniambia alikubali. Mwanangu, mtu ana deni la wodi, jiko lake halijawaka wiki mbili, na anayemwuliza ndiye aliyeshika hela za kikundi. Atasema nini zaidi ya "piga tu"? Alichelea kukuudhi. Futeni ile picha ukurasani, kwenye simu yako na kwenye simu ya yule kijana, na hizo za Aprili na Mei zifuteni vilevile. Zilizokwisha kusambaa hamtazirudisha zote, lakini mtoto akiambiwa na nyinyi wenyewe kwamba mmeifuta, atajua kuna mtu mzima aliyeona kwamba ameumizwa.

Kisha, mama akiridhia, nendeni wawili kwa mwalimu wa darasa. Mwombeni asimchape mtu kwa ajili ya jina la utani, maana watalihamishia njiani wakati wa kurudi nyumbani, huko hakuna mwalimu. Awaeleze selimundu ni nini. Chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, ndiyo maana mwenzao mgongo unamuuma hadi analia, ndiyo maana anatembea na chupa ya maji na anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila mara. Mtoto wa darasa la tatu aliyewahi kuona mundu ataelewa hilo upesi kuliko sisi tulivyoelewa kwa daktari.

Na huyo kijana wenu wa "mficha uchi hazai", mwambie Shangazi anaijua methali hiyo vizuri. Inamhusu mwenye uchi wake. Anayetaka kuzaa ni yeye, anayevua ni yeye. Uchi wa mtoto wa mwenzako si wako kuufunua.

Sheria nayo haipo upande wenu hapo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Ndani yake habari za afya ya mtu na habari za mtoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinataka ridhaa ya maandishi. "Piga tu" ya wodini haifiki hapo. Tengenezeni karatasi moja kwa Kiswahili cha nyumbani: picha gani au habari gani, itakaa wapi, kwa muda gani, na mzazi akibadili mawazo itafutwa siku ileile. Isainiwe siku ambayo mtoto ni mzima, yupo nyumbani anacheza, hakuna deni la mtu mezani. Mtoto mwenyewe aulizwe pia. Wa miaka tisa ana maneno yake.

Mimi kipimo changu cha mambo haya nilikipata Uganda. Machi 2012 asasi moja ya Marekani, Invisible Children, ilirusha mtandaoni filamu ya nusu saa kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi, na watoto aliowateka. Ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Halafu ikaonyeshwa hadharani Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu wenyewe waliopitia vita ile. Wakakasirika, mawe yakarushwa, onyesho likakatizwa. Dunia nzima ilikuwa imeona kabla ya wao, na wao walipoona hawakujitambua mle ndani. Kwa hiyo kabla ya kurusha chochote, kaa na mama wa mtoto, mpe simu aisome yote mwenyewe, wewe mwangalie uso. Ukijiona huwezi kukaa karibu naye wakati anasoma, ufute hukohuko.

Utaniuliza, basi tuweke nini? Weka ile chupa ya maji, yenye jina la kikundi na stika aliyobandika mtoto mwenyewe. Weka kadi ya kliniki iliyochakaa pembeni, jina umelifunika kwa kidole. Weka viatu vya shule mlangoni, siku mtoto alipoamka hana maumivu. Na sauti! Mwombe mama mmoja aeleze kwa dakika moja, bila kutaja jina, saa nane za usiku maumivu yanapoanza anafanya nini, maji anayochemsha, kitambaa, bodaboda anayempigia. Sauti haili bando kama video, na sisi watu wa pwani tunasikiliza sauti huku tunakuna nazi.

Haya, bahasha. Nimekuandikia mimi, wewe unakili tu:

"Februari mlituchangia 1,870,000. Deni la wodi 640,000, limelipwa. Dawa za miezi mitatu za watoto wanne, 420,000. Nauli za kliniki 198,000. Vipimajoto na chupa za maji 150,000. Makato 22,000. Jumla iliyotumika 1,430,000. Zimebaki 440,000, zipo benki kwenye akaunti ya kikundi. Aprili na Mei mlituletea 49,500, nazo zipo. Mtoto mliyemchangia ametoka hospitali. Tumechelewa kuwaambia, tunaomba radhi. Tulikosea pia kuweka picha yake. Tumeifuta, na wewe uliyeihifadhi tunakuomba uifute. Leo hatuombi hela. Anayetaka kuziona risiti kwa macho yake aje Alhamisi, tupo benchi la nje la kliniki kuanzia saa mbili asubuhi."

Weka na picha za risiti, majina na namba za hospitali umezifunika. Hiyo sentensi ya "leo hatuombi hela" usiiondoe hata vijana wakikuambia inapoteza nafasi. Na baada ya ujumbe huo rusha tena mara mbili au tatu mambo ya kikundi bila kuomba. Mtu akizoea kwamba kila ukitokea kwenye simu yake unataka kitu, anakupita kwa kidole gumba. Akikupita mara nyingi Facebook yenyewe inaacha kumwonyesha machapisho yako, hapo hata ukilia hasikii.

Haya hayakutoka kwenye semina ya wazungu. Wewe umekaa kamati za harusi ngapi? Nani alikubali kutoa ahadi ya laki kwenye kamati ambayo mhazini hasomi mapato? Kila kikao ahadi zinasomwa, aliyelipa anawekewa tiki, aliyechelewa anachekwa kidogo, na baada ya sherehe kuna siku ya kuvunja kamati, watu wanakula pilau iliyobaki na mhazini anasimama na daftari. Nyinyi mlifanya sherehe Februari, kamati hamjaivunja mpaka leo. Mnawaitaje tena kwenye harusi ya pili?

Jambo moja la kamati za harusi lakini msiliige, ile orodha ya WhatsApp ya kunakili, kuongeza jina lako na kubandika. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja linapotea, na aliyepotea jina hasemi. Ananuna tu, mwezi ujao hachangi. Orodha iwe moja, kwenye daftari lako, na kila Ijumaa jioni piga picha ukurasa huo uweke. Wapo pia wanaotoa sadaka hawataki mkono wa kushoto ujue. Hao waandike kwa tarakimu tatu za mwisho za simu zao. Watajitambua wenyewe.

Sasa laini yako. Hela ya watoto 43 kukaa kwenye simu ya mtu mmoja ni hatari, na wa kwanza kuhatarishwa ni wewe. Simu ikiibwa, ukiugua, mume akikopa kidogo "nitarudisha kesho", jina litakaloharibika ni lako. Nendeni benki mfungue akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Cheti chenu cha usajili kikiwa hakijakaa sawa, anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Kisha ombeni Lipa Namba kwa jina la kikundi. Uzuri wake mkubwa ni kwamba mtu anapotuma, kabla hajaweka namba ya siri, simu inamwonyesha jina la anayelipwa. Aliyezoea kuona jina la kikundi chenu akiona jina la mtu asiyemjua atasita. Mwaka 2011 majirani zetu walichangishana kwa M-Pesa wakati wa ukame uliopiga Turkana na kwingineko, wakaiita Kenyans for Kenya. Walilenga shilingi milioni 500 za kwao, wakalipita lengo. Watu walikuwa wanatuma kwenye namba moja, na msimamizi, Msalaba Mwekundu wa Kenya, anajulikana mpaka vijijini. Jina la kikundi chenu liko mbali na hapo, lakini hapo benchini linajulikana, na ndipo pa kuanzia.

Kuhusu yule tapeli: namba yake itumeni kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ndiko mamlaka ya mawasiliano inakopokea namba za matapeli. Nendeni polisi pia mkachukue RB, ile namba ya taarifa yenu, hata kama mnaona hawatamkamata, maana siku mchangiaji mmoja akiwadai nyinyi hela aliyomtumia yule mwizi, mtakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Wekeni ukurasani tangazo la kudumu: namba yetu ni hii moja, jina litakalotokea ni hili, nyingine yoyote si sisi. Na maandishi ya namba yasikae chini ya picha. Yapite katikati, juu ya kitu chenyewe, akitaka kuyakata akate na picha.

Umeniambia komenti 214 za "Amina" kana kwamba ni hasara. Mimi hapo ndipo niliposimama zaidi kwenye barua yako. Watu 214 wamesimama mlangoni, wamebisha hodi, na hakuna aliyewaambia karibu. Wasiombwe hela. Chukua ishirini kwa siku, waandikie inboksi: "Ahsante kwa dua. Je, kwako kuna mtu mwenye selimundu?" Utashangaa. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto 11,000 hivi kila mwaka wenye ugonjwa huu. Hao 214 hawawezi kukosa mama anayeamka usiku peke yake akidhani mwanawe karogwa. Akipata mwenzake wa kumwuliza, ameshaingia nyumbani kwenu. Huyo atakuja na shangazi zake, na dereva wa daladala aliye mpangaji wake, na binamu yake aliyeko Muscat. Wa Muscat, kwa njia, wapeni mwakilishi mmoja wa hukohuko, akusanye halafu atume mara moja kwa mwezi, msigawane hela na makato ya kutuma.

Kundi la wazazi liwe na sheria zake, ziandikwe juu kabisa. Picha za wagonjwa hazirushwi. Dozi za dawa haziulizwi humo, zinaulizwa kliniki. Mtoto wa selimundu akipata homa anapelekwa hospitali, hakuna kusubiri kundi lijadili. Na wale watakaoingia kuuza chupa za mitishamba "inayofuta selimundu kwa siku 21", watoeni bila maelezo. Hao ndio wa kubloki, mwanangu, siyo anayeuliza hesabu.

Kati ya wazazi, ndugu na wale wa dua, wapo watakaokubali kutoa 2,000 kila mwezi. Watafuteni hao, polepole, mmoja mmoja. Wakifika 150 ni 300,000 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 3,600,000, karibu mara mbili ya kilichoingia zile siku nne, na hakuna mtoto aliyelia mbele ya kamera. Ile 1,870,000 ilitoka kwa watu walioshtuka. Mtu hawezi kushtuka kila mwezi kwa picha ileile, na kijana wenu anachotaka ni kumtafuta mtoto anayelia zaidi ya yule wa kwanza. Halafu baada yake?

Wa kila mwezi waandikieni kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp. Inabeba watu 256, na ujumbe unamfika yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, kwa hiyo jambo la kwanza la kumwomba mtu ni ahifadhi namba ya kikundi. Waajiriwa wakumbusheni mshahara unapoingia. Wafanyabiashara Ijumaa. Ramadhani itakuja na baraka zake, lakini zaka ina watu wake waliotajwa, mwulizeni sheikh mapema ni watoto gani wanaingia, mwiweke kwenye safu yake daftarini, isinunue vocha wala isilipe bodaboda wa mhazini.

Vijana na chalenji yao. Sitawakatalia. Mwaka 2014 watu walijimwagia ndoo za maji ya barafu duniani kote, na chama kimoja cha Marekani kinachoshughulikia ugonjwa wa neva uitwao ALS kikapata dola milioni 115 kwa wiki nane. Walipojaribu tena mwaka uliofuata kiasi kilikuwa kidogo mno. Waliokuwa mbele mwanzoni, kumbukeni, walikuwa wagonjwa wenyewe na jamaa zao, wanacheka, wanamwagiana maji, hakuna aliyepigwa picha akiwa hoi. Sasa nyinyi mna kitu kizuri kuliko ndoo. Yule mtoto aliongezewa damu chupa mbili. Damu hiyo ilitoka mkononi mwa mtu. Tarehe 14 Juni ni siku ya wachangia damu duniani, tarehe 19 Juni ni siku ya selimundu duniani, siku tano tu katikati, na Juni hii hapa mlangoni. Vijana wazungumze na watu wa Damu Salama, wale wanaokusanya damu, hapo hospitali wapangiwe siku. Kila anayechangia apige picha mkono wake wenye pamba na plasta, mkono tu, awataje rafiki watatu. Mwenye miaka 18 na kuendelea, kilo 50 na zaidi, mwanaume anaweza kurudia kila miezi mitatu, mwanamke kila miezi minne. Asiye na elfu mbili ana damu, na aliyetoa damu leo hatawaita matapeli kesho. Wacheze na muziki wao, sina neno.

Mwenyekiti mpeni barua zake za wafanyabiashara, yupo sahihi kwamba mwenye duka la vifaa vya ujenzi hasomi TikTok. Ila safari hii kila barua iambatane na ule ujumbe wa hesabu, umechapwa, una mhuri.

Na wewe. Wewe pia ni mama wa mgonjwa, hilo kwenye barua yako umelipitia haraka. Namba ya kikundi iwe na simu yake, hata ya kitochi yenye laini tu inafaa kwa kupokea, na ya WhatsApp waishike watu watatu kwa zamu. Saa tatu usiku inazimwa. Waandikieni watu: tunajibu asubuhi. Anayeuliza hela saa sita za usiku atakuwa bado anauliza saa mbili asubuhi.

Ule ujumbe niliokuandikia usiurushe kwanza, maana unasema 440,000 zipo benki na bado zipo kwenye simu yako, pamoja na zile 49,500. Nenda Jumatatu, benki ikifunguliwa tu, mwenyekiti awe pembeni yako na mzazi mmoja zaidi, ikiwezekana yule wa benchi la upande wa pili. Wekeni zote 489,500. Piga picha slipu, funika namba ya akaunti kwa kidole, halafu ndiyo ubonyeze.

Shangazi